Nimemeza dawa ya kichocho mara nne: kwa nini mwili wangu haujifunzi?

Swali: "Shikamoo daktari. Nina miaka 29, mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Ukerewe. Nimeshameza dawa ya kichocho cha tumbo mara nne, na kila nikipimwa baada ya mwaka naambiwa ninacho tena. Surua niliugua mara moja utotoni, haijanirudia. Kwa nini kichocho mwili haujifunzi? Marehemu babu yangu aliishi ziwani zaidi ya miaka 70 bila kumeza hata kidonge kimoja, na hatukumsikia akilalamika tumbo. Wenzangu mwaloni wanasema dawa ndizo zinazotuharibia kinga, tungeacha mwili uzoee. Ni kweli? Nina mtoto wa miaka mitatu, naye anashinda ufukweni."

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na wenzako wa mwaloni, maana hao ndio unaoshinda nao, na maneno yao yana kipande cha ukweli. Wameona kwa macho yao kwamba mtu mzima aliyekomaa majini hashikwi na kichocho upesi kama mtoto wa darasa la pili. Hilo ni kweli na limepimwa. Walipokosea ni kwenye sababu. Dawa haiharibu kinga yako dhidi ya kichocho. Kwa ugonjwa huu, dawa ni kati ya vitu vichache vinavyoufunulia mwili kile ambacho ulikuwa umefichwa. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu jibu fupi umeshapewa mara nne pamoja na vidonge na halijakutosha.

Surua huletwa na kirusi. Kinaingia, kinazaana kwa kasi, mwili unapambana nacho wiki mbili tatu, kinakwisha, na kumbukumbu inabaki. Mnyoo wa kichocho ni mnyama kamili, mwenye mdomo, misuli na utumbo, dume mbali na jike mbali, urefu wake kama sentimita 1. Hazaliani ndani yako: minyoo 40 waliokuingia watabaki 40 mpaka uingie tena majini ukaongezewe wengine. Na makao yake ni ndani ya damu, kwenye mishipa inayotoka utumbo kwenda ini. Hapo ndipo penye ajabu. Damu ndiyo njia ambayo askari wote wa mwili wako hupita usiku na mchana. Mfikirie samaki anayeishi ndani ya wavu, anakula humo, anataga humo, nawe unavuta wavu kila siku humpati. Kwa kawaida mnyoo huyu huishi miaka 3 hadi 10, lakini wapo watu waliohama maeneo ya kichocho, hawakukanyaga tena maji yake, na baada ya zaidi ya miaka 30 bado wakakutwa na minyoo hai wanaotaga.

Nilipowaona kwa mara ya kwanza wakiwa hai chini ya darubini nilishindwa kuondoa jicho. Dume ni mpana, mweupe, amekunja kingo za mwili wake kwa ndani hadi zikafanya mfereji. Ndani ya mfereji huo amelala jike, mwembamba kama uzi na mweusi kwa sababu ya damu aliyokula. Hukaa hivyo, wamekumbatiana, karibu maisha yao yote. Jike asiyempata dume hudumaa na mayai yake hayakomai.

Sasa, wanaponaje? Kwa muda mrefu wataalamu walifikiri labda mwili hauwaoni kabisa. Maelezo hayo yalikuwa na tatizo kubwa. Damu ya mgonjwa ilijaa kingamwili za kupambana na kichocho, yaani zile silaha ambazo mwili huzitengeneza ili zimnase adui, na miaka ya 1960 ilishaonekana kwa kima waliotumika maabara kwamba kima mwenye minyoo wakubwa ndani yake anaweza kuwaua wachanga wanaoingia baadaye. Soma tena sentensi hiyo polepole. Kinga ipo, ina nguvu, inaua wageni, lakini wale waliotangulia wanakaa palepale bila kuguswa. Mnyoo wa kwanza ameingia, kisha mlango umefungwa nyuma yake. Ukimfikiria yeye, hilo ni jambo la faida: nyumba haijai, chakula kinatosha, na wewe mwenyeji wake hufi mapema.

Mwaka 1969 watafiti wa Uingereza, Smithers na Terry pamoja na mwenzao Hockley, walichapisha majaribio ambayo mpaka leo nayahesabu kuwa miongoni mwa yale safi kabisa katika fani yetu. Walichukua minyoo wakubwa waliokulia ndani ya panya, wakawapandikiza kwa upasuaji kwenye mishipa ya kima. Minyoo waliyumba kwa muda, utagaji wa mayai ukashuka, kisha wakatengemaa na kuendelea na maisha. Wakachukua kima wengine. Hawa waliwachoma kwanza sindano zenye chembe za panya, ili miili yao itengeneze kingamwili dhidi ya panya. Zingatia hapo: dhidi ya panya, wala si dhidi ya mnyoo. Kisha wakawapandikizia minyoo wa aina ileile, waliotoka kwa panya. Safari hii minyoo walikufa upesi.

Tulia na jambo hilo kidogo. Kima wale hawakuwa wamefundishwa chochote kuhusu kichocho. Walifundishwa kumkataa panya tu. Ikiwa waliwaua minyoo, basi minyoo walikuwa na kitu cha panya juu ya ngozi zao. Na minyoo waliokulia kwa kima, walipohamishiwa kwa kima aliyechanjwa dhidi ya panya, hawakudhurika. Hao hawakuwa wamevaa panya, walivaa kima. Miaka iliyofuata ikaonekana pia kwamba minyoo wachanga wakilelewa chupani kwenye damu ya mtu wa kundi A hujipaka alama za kundi A, na wakilelewa kwenye damu ya kundi B hujipaka za B.

Kwa hiyo mnyoo uliye naye, kwa nje, anafanana na wewe. Amechukua mafuta na vipande vya seli zako akajivisha. Chini ya vazi hilo ana ngozi isiyo ya kawaida, yenye utando wa mafuta uliorudufiwa, ambao anaumwaga na kuujenga upya bila kukoma. Kingamwili moja moja ikifanikiwa kumnasa, inanasa kitu ambacho punde atakivua.

Lakini hazaliwi na vazi hilo. Anaingia kwako akiwa uchi, na hapa ndipo mwili una nafasi yake. Lava wa kichocho, yaani mnyoo akiwa bado mchanga kabisa, hutoka kwa konokono wa majini akiwa na mkia wenye panda, na ana siku moja au mbili tu za kukupata kabla nguvu hazijamwishia. Akigusa ngozi yako anapenya ndani ya dakika chache, mkia anauacha nje, na ndani ya saa chache anabadili utando wake wote ili aweze kuishi kwenye damu badala ya maji. Kisha huchukua siku kadhaa kupita ngozini na mapafuni, akijivika taratibu. Katika muda huo anaweza kuuawa. Anthony Butterworth, aliyefanya kazi kwa miaka mingi Kenya, alionyesha pamoja na wenzake mwaka 1975 kwamba chembe nyeupe za damu zinazoitwa eosinofili humshambulia mnyoo mchanga aliyepakwa kingamwili. Zinamshika kwa wingi, zinamwaga sumu zao juu yake, na ngozi yake inatoboka.

Swali linakuja lenyewe: kama mwili unajua kumuua mchanga, kwa nini wewe unaambukizwa kila mwaka?

Butterworth na wenzake walilifuata swali hilo Machakos, hukohuko Kenya, miaka ya 1980. Waliwatibu watu, kisha wakawafuatilia kuona nani anaambukizwa upya na kwa kasi gani. Watoto walirudi haraka. Waliovuka umri wa kubalehe hawakurudi kwa kasi hiyo, hata pale walipoendelea kukanyaga maji. Na watoto wale hawakuwa wamekosa kingamwili. Walikuwa nazo tele. Tofauti ilikuwa aina yake. Watu wazima waliokuwa sugu walikuwa na kingamwili nyingi za aina ya IgE, zile zinazoziamsha eosinofili na ndugu zao. Watoto walikuwa na aina nyingine, mojawapo IgG4, ambazo zinamshika mnyoo huyohuyo mahali palepale lakini haziamshi mtu. Zinakalia kiti tu, na mwenye kazi akifika anakuta kimejaa.

Jibu la swali lako hasa liko Kisumu, ng'ambo ya ziwa lako hilohilo. Huko kuna wanaume wanaoosha magari wakiwa wamesimama ndani ya maji, siku baada ya siku. Diana Karanja wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzake waliwafuatilia kwa miaka: kuwapima, kuwatibu, kuhesabu magari waliyoosha ili wajue kila mmoja amekaa majini kiasi gani, kuwapima tena, na aliyeambukizwa tena akatibiwa tena. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2002 yanakuhusu moja kwa moja. Wapo walioambukizwa upesi mwanzoni, wakatibiwa, wakaambukizwa tena, wakatibiwa tena, na baada ya mizunguko kadhaa wakaanza kukawia. Maji ni yaleyale na kazi ni ileile, lakini sasa mnyoo hashiki kwa urahisi. Wapo wengine ambao hawakufika huko, wakaendelea kuambukizwa vilevile. Sitakuficha hilo, miili yetu haifanani.

Kwa nini dawa ilete usugu? Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya, nami nayaamini. Mnyoo hai amejifunika. Vitu vyake vya ndani, vile vinavyomtambulisha kuwa ni mnyoo, mwili hauvioni mpaka siku anapokufa na kuoza ndani ya damu yako. Mtu asiyetibiwa hufiwa na minyoo mmoja mmoja, kwa miaka. Ndiyo maana usugu wa asili huja umri umeshakwenda. Mtu anayemeza prazikwanteli, ndiyo dawa ya kichocho, anafiwa na minyoo wengi kwa siku chache. Dawa ile huvuruga kalsiamu ndani ya mnyoo, misuli yake inakakamaa, ngozi inachanika, na yaliyofichwa yanakuwa wazi. Baada ya tiba, kingamwili za IgE dhidi ya vitu vya ndani vya mnyoo huonekana zikipanda kwa watu wengi. Na jambo la kupendeza ni kwamba dawa yenyewe inaitegemea kinga: kwa panya wa maabara wasio na kingamwili za kutosha, prazikwanteli hufanya kazi hafifu. Dawa inachana vazi, kinga inamalizia.

Kwa hiyo wenzako wanaotaka "mwili uzoee" bila dawa wanachagua njia ileile kwa mwendo wa kobe, na njiani kuna mayai.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu watu wengi hudhani mnyoo ndiye anayeumiza. Mnyoo mkubwa, kwa kuwa amejificha vizuri, haumizi sana. Kinachoharibu ni mayai. Jike wa kichocho cha tumbo hutaga kama mayai 300 kwa siku, kila moja likiwa na mwiba ubavuni. Yai liko ndani ya mshipa na linatakiwa litoke na choo, lifike majini, likampate konokono. Halina miguu wala misuli. Linatokaje? Linausumbua mwili kwa makusudi. Linatoa kemikali, chembe za kinga zinakusanyika kulizunguka, ukuta wa utumbo unalegea, na yai linasukumwa upande wa pili. Ni kinga yako mwenyewe inayolisafirisha. Kulekule Kisumu, mwaka 1997, Karanja na wenzake walionyesha kwamba waoshaji magari wenye VVU walitoa mayai machache kwenye choo ukilinganisha na kiasi cha minyoo waliokuwa nao. Kinga ikidhoofika, mayai yanakosa wa kuyavusha. Na mwaka 2001 ikaonekana kwa panya kwamba mnyoo mwenyewe hudumaa akikulia kwa mwenyeji aliyezaliwa bila chembe fulani za kinga. Amezoea kuishi nasi kiasi kwamba anasubiri dalili za kinga yetu ili akue. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado jambo hilo hunisimamisha.

Mayai yasiyotoka, na ni mengi, husombwa na damu hadi kwenye ini. Huko kila moja linazungushiwa kizuizi cha chembe za kinga, kisha kovu. Makovu yakizidi, damu inayotoka utumbo haipiti tena vizuri, inatafuta njia za pembeni, bandama linavimba, tumbo linajaa maji, na mishipa ya koo la chakula inatanuka hadi siku moja ipasuke. Bila shaka hapo kisiwani umewahi kusikia mtu ametapika damu na watu wakasema amerogwa au amelishwa sumu. Wengi wa hao ni kichocho cha miaka 20 kilichokaa kimya. Wakati huo mtu huenda ana minyoo wachache kabisa, lakini kovu limeshakaa.

Babu yako, Mungu amrehemu, huenda alikuwa miongoni mwa wenye bahati. Si kila mwenye minyoo hufikia ini gumu; inategemea wingi wao, miaka, na namna mwili wa mtu unavyotengeneza kovu. Kutolalamika hakuonyeshi kwamba ini lilikuwa salama. Nimeona wazee wasio na malalamiko yoyote ambao kipimo cha altrasaundi kilionyesha ini lililojaa michirizi ya kovu. Na wazee wa rika lake waliotapika damu hawapo wa kutusimulia.

Kuhusu chanjo nitasema kwa ufupi. Watafiti wanahangaika nayo tangu siku za kima wale. Mojawapo ilifika hatua ya kujaribiwa kwa watoto wa Senegal, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba haikuwadhuru, kingamwili zilipanda, lakini kichocho kiliwarudia kama walivyorudiwa wasiochanjwa. Baada ya kusoma habari za IgE na IgG4 hapo juu, sidhani kama unashangaa. Zipo nyingine zinazoendelea kujaribiwa Afrika. Usizisubiri.

Sasa wewe. Kwanza, siamini kwamba kila mara kilichokutwa ni maambukizi mapya. Prazikwanteli huua minyoo wakubwa. Walioingia wiki mbili hadi tano zilizopita huwa hawajakomaa, dawa inawapita. Mvuvi anayeingia majini kila siku huwa na wachanga wakati wowote. Dozi ya mara moja ikikuacha na hao, baada ya wiki sita wanataga, na mwaka ujao unaambiwa kimerudi. Kwa hiyo usingoje mwaka. Rudi kituoni baada ya wiki 6 hadi 8, pima, na kama mayai yapo umeze tena. Choo cha siku moja kinaweza kukosa mayai hata kama minyoo wapo. Peleka cha siku mbili tofauti, au uliza kama kituo chenu kina kile kipimo cha mkojo cha kichocho cha tumbo. Dozi ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600. Kula ushibe kwanza. Kama uliwahi kumeza viwili kwa sababu vilikuwa vichungu au tumbo lilisokota, ulimeza nusu ya dawa. Na omba kupigwa altrasaundi ya ini walau mara moja, kwa miaka uliyokaa majini.

Najua siwezi kukwambia usiingie ziwani, ndilo shamba lako. Ila lava wa kichocho cha tumbo hutoka kwa konokono kwa wingi jua likishapanda, kuelekea saa sita mchana, na konokono wenyewe wanapenda penye majani na maji yaliyotulia karibu na ufuko. Kusukuma mtumbwi alfajiri kwenye mchanga usio na magugu si sawa na kufua nyavu saa saba mchana kwenye matete. Hatari haiishi kwa kuchagua saa, inapungua. Maji ya kuoga nyumbani yateke, yafunike, yakae siku mbili kwenye pipa lisilo na konokono, lava watakuwa wamekufa. Na mwalo usio na choo unawalisha konokono wake kila siku. Yai likifika majini na choo huangua lava anayemtafuta konokono, na konokono mmoja aliyepenywa na lava mmoja tu wa namna hiyo hutoa maelfu ya wale wanaokuingia wewe, na huacha kutaga mayai yake mwenyewe kwa sababu kimelea ameshamgeuza kiwanda chake. Lizungumzeni hilo kwenye kikundi chenu cha mwalo kabla ya yote.

Mwanao ndiye anayenipa wasiwasi zaidi kuliko wewe. Wewe umeshamaliza masomo manne. Yeye ana miaka mitatu, anacheza palepale kwenye matete saa za jua, na kampeni za shuleni hazimfikii kwa sababu hajaanza shule. Kwa miaka mingi watoto wa umri wake waliachwa nje, kidonge ni kikubwa, kichungu, na hakikupimwa kwa ajili yao. Sasa kipo kidonge kidogo kinachoyeyuka kwenye maji kwa watoto wa kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita. Kilijaribiwa Kenya na Ivory Coast, na Shirika la Afya Duniani lilikiidhinisha mwaka 2024. Uliza kituoni kama kimewafikia. Kama bado, usirudi nyumbani hivyo hivyo. Mwombe daktari ampime mtoto na ampe dozi kwa uzito, kidonge cha kawaida kikipondwa kwenye uji au juisi. Mpeleke wiki hii, kabla hujaenda wewe.